Taa Huvuta Dagaa, Wavu Ndio Hulisha Nyumba

Usiku usio na mbalamwezi, mtu aliyesimama mwaloni Rukuba akitazama ziwani huona taa nyingi zimetapakaa juu ya maji, utadhani ni mji mdogo. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Lakini kazi yenyewe haikubadilika. Taa huelea juu ya maji, dagaa huifuata, wavuvi hungoja kwa subira mpaka dagaa wamekusanyika, kisha wavu hushushwa na kuvutwa kwa mikono ya wengi. Kila mtoto wa kisiwani anajua kwamba taa peke yake haijapata kuleta dagaa nyumbani. Wavu ukiwa umetoboka, taa na iwake itakavyo, asubuhi hakuna cha kuanika.

Tumeanza na habari ya taa na wavu kwa sababu leo tunataka kusema juu ya taa ya namna nyingine, nayo ni televisheni. Taa hiyo nayo imefika visiwani. Vijana hukusanyika penye seti moja, wakatazama mashindano ya kutafuta waimbaji, na kila mmoja hujisemea moyoni: “Hata mimi naweza.” Pengine ni kweli anaweza. Kwaya zetu za Musoma, Bunda na Butiama zina sauti nzuri ambazo hazijapata kusikika nje ya kigango.

Lakini wazazi wengi hujiuliza: Mtoto akishinda, halafu inakuwaje? Swali hilo ni la busara, maana wimbo mmoja wa shindano huisha kwa dakika chache, na maisha ya mtu ni marefu. Katika nchi za Uingereza na Marekani jibu moja limekuwa hili: mwimbaji aliyejulikana kwa televisheni huajiriwa katika mchezo wa nyimbo, yaani mchezo wa kuigiza ambao wachezaji wake husema, huimba na kucheza ngoma jukwaani, nao huzunguka mji hata mji. Tuangalie basi mambo yaliyowapata wengine huko, kisha turudi kwetu, tuone tunaweza kujifunza nini.

MASHINDANO SI JAMBO GENI

Kwanza tusidhani kwamba kushindana kwa nyimbo ni jambo lililoletwa na televisheni. Jirani zetu Wasukuma wana Bulabo, sikukuu ya ngoma inayofanyika Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna hakimu mwenye kalamu. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi, maana kundi linalovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kundi hutafuta la kuvutia macho: wimbo mpya, mbinu mpya, hata nyoka mkononi.

Televisheni imefanya jambo lile lile, ila umati wake ni nchi nzima. Katika Bongo Star Search, shindano lililoanzishwa na Bibi Rita Paulsen, vijana walisimama mbele ya majaji, wengine wakachekwa, wengine wakapita, na hatimaye wananchi walipiga kura kwa ujumbe wa simu. Huko ndiko alikotokea Bwana Walter Chilambo, mshindi wa mwaka 2012, ambaye baadaye alijulikana sana kwa nyimbo za Injili. Katika nchi zote za Afrika ya Mashariki kulikuwa na Tusker Project Fame, shindano lililobeba jina la bia, ambalo vijana wake waliwekwa katika nyumba moja Nairobi wakafundishwa huku watu wakiwatazama. Mshindi wa kwanza, mwaka 2006, alikuwa Bibi Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2010 Mtanzania Peter Msechu alishika nafasi ya pili.

Hawa wote walikuwa na sauti, nani atakana? Lakini shindano humpima mwimbaji kwa wimbo mmoja au miwili kwa juma, naye akisha kuimba hukaa chini. Jukwaa la mchezo wa nyimbo hupima mambo mengine kabisa.

KWA NINI WENYE MICHEZO HUWATAKA

Mtu anayetayarisha mchezo wa nyimbo wa kuzunguka ana gharama nyingi kabla hajauza tiketi hata moja. Lazima alipe wachezaji, wapiga vinanda na ngoma, washonaji wa mavazi, mafundi wa taa, malori ya kuchukua vyombo, nyumba za kulala wageni, na kodi ya ukumbi katika kila mji. Akifika mji wa ugenini atakaa siku chache tu. Hana nafasi ya kungoja watu waambiane polepole kwamba mchezo ni mzuri. Ukumbi ukiwa mtupu siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu tayari anafunga mizigo, na hasara ni yake.

Ndiyo sababu humtafuta mtu ambaye jina lake limetangulia kufika. Mwimbaji wa televisheni ameingia nyumbani mwa watu kila juma kwa miezi miwili au mitatu. Wamemwona akilia, wamemwona mama yake akimwombea, wamempigia kura. Wakisikia anakuja mjini kwao hununua tiketi hata kama hawajui mchezo wenyewe unahusu nini. Hapo hakuna udanganyifu. Mvuvi naye hulaumiwi kwa kuwasha taa.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 shirika la utangazaji la BBC, pamoja na Bwana Andrew Lloyd Webber, mtungaji mashuhuri wa michezo ya nyimbo, walifanya shindano ambalo zawadi yake ilikuwa nafasi ya mchezo wenyewe. Mshindi angekuwa Maria katika “The Sound of Music”, kisa cha mwanovisi wa Austria aliyetoka monasterini akawa mlezi wa watoto wa nahodha. Mwaka 2007 walitafuta mtu wa kuwa Yosefu, yule mwana wa Yakobo aliyeuzwa na ndugu zake. Mwaka 2008 walitafuta mwanamke wa kuigiza katika “Oliver!”, na mwaka 2010 walimtafuta Dorothy wa “The Wizard of Oz”.

Watu wengine wa michezo huko London walinung’unika. Walisema haifai shirika la umma kuutangaza mchezo wa mtu mmoja kwa majuma mengi bure, na michezo mingine ikakosa watazamaji. Tena waigizaji waliosoma kazi yao miaka mingi waliona uchungu kupitwa na mtu aliyechaguliwa kwa simu. Malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo wengine walijibu kwamba watu ambao hawajapata kuingia ukumbi wa michezo maishani mwao waliingia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mashindano hayo.

MARIA NA SAUTI YAKE

Aliyeshinda mwaka 2006 alikuwa Bibi Connie Fisher, kijana aliyekulia Wales. Alikuwa amesomea uigizaji, lakini kazi ilikuwa adimu, akawa anauza bidhaa kwa simu ili apate mkate wake. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alisimama kwenye jukwaa la London Palladium akiwa Maria, na watazamaji walimshangilia sana. Ungesema shida zake zote zimekwisha.

Lakini tuhesabu pamoja. Michezo mikubwa ya namna hii huonyeshwa mara nane kwa juma: kila jioni siku sita, na mara mbili tena mchana. Maria haondoki jukwaani muda mrefu, na nyimbo zake ni nyingi. Haukupita muda mrefu sauti ya Bibi Fisher ikaanza kuchoka. Madaktari walimwamuru apumzike, maonyesho yake yakapunguzwa, na mwimbaji mwingine aliyekuwa naye katika shindano, Bibi Aoife Mulholland, akawa anashika nafasi yake katika maonyesho fulani ya juma.

Kuanzia mwaka 2009 Bibi Fisher alitembea na mchezo huo katika miji ya Uingereza. Sauti ikazidi kumsumbua. Mwishowe madaktari waligundua kwamba nyuzi zake za sauti zina kasoro ya kuzaliwa nayo, na kwamba hataweza tena kuimba kama zamani. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Alijipatia kazi nyingine katika utangazaji, wala hakukata tamaa, lakini ile sauti iliyomshindia kura haikurudi.

Msomaji, hatusemi kwamba shindano ndilo lililomdhuru; kasoro ilikuwa mwilini mwake tangu tumboni mwa mama. Tunasema kwamba kura za watu haziwezi kuona nyuzi za koo. Mvuvi mwenye busara hukagua kamba kabla ya kuutupa wavu, wala hangoji ikatike ziwani. Vivyo hivyo, mwimbaji anayetaka kuingia kazi ya kuimba kila siku yafaa aonwe na daktari wa koo mapema, afundishwe kupumua na kuitoa sauti bila kuikwaruza, na apewe siku za kupumzika. Hayo ni ya kudai, kama vile mvuvi anavyodai jaketi la kuokoa maisha.

MWIMBAJI ASIYEJUA KUSOMA MKATABA

Kutoka Uingereza tuvuke bahari mpaka Marekani. Mwaka 2004 shindano la American Idol lilishindwa na Bibi Fantasia Barrino, mama kijana wa North Carolina aliyekulia katika kuimba kanisani. Mwaka 2007 aliajiriwa New York katika mchezo wa nyimbo uliotokana na kitabu cha Bibi Alice Walker, “The Color Purple”. Aliigiza Celie, mwanamke Mweusi aliyeonewa tangu utoto wake, ambaye mwishowe anasimama wima. Watu wengi waliokuwa hawaendi kwenye kumbi hizo walikwenda kwa ajili yake, na wengi walitoka wakifuta machozi.

Naye pia alielemewa. Alikosa maonyesho mengi, ikasemwa kwamba ana maradhi ya koo. Watu waliolipa nauli kutoka mbali ili wamwone Fantasia walikuta ameshika nafasi mwigizaji wa akiba. Hebu tumfikirie huyo mwigizaji wa akiba. Amejifunza maneno yote, nyimbo zote na hatua zote. Anaingia jukwaani mbele ya watu waliokunja uso kwa sababu si yeye waliyemtaka, na bado lazima awape mchezo kamili. Jina lake halimo katika tangazo lililobandikwa ukutani. Lakini bila yeye usiku ule ukumbi ungefungwa na fedha za watu zingerudishwa. Huyo ndiye uzi wa wavu.

Liko jambo jingine la Fantasia ambalo latupasa tulitie moyoni sisi wazazi. Mwaka 2005 alikiri hadharani kwamba aliacha shule mapema, na kwamba hakujua kusoma sawasawa. Kwa hiyo alitia sahihi mikataba ambayo hakuweza kuisoma. Hebu fikiri: mtu anayejulikana na mamilioni, na karatasi inayofunga maisha yake iko mbele yake kama giza tupu! Alistahili sifa kwa ujasiri wa kusema kweli, na baadaye akajifunza. Tena alizunguka na mchezo ule ule katika miji ya Marekani, na mwaka 2023 ilipotoka filamu yake alikuwa yeye tena Celie. Mara hii alikuwa mtu mzima anayejua anachokifanya.

Basi kijana wa Rukuba asiambiwe kwamba shule haina maana kwa mwenye sauti. Mwenye sauti ndiye anayehitaji shule zaidi, kwa sababu watakaomletea karatasi ni wengi.

WALE WALIODUMU

Isiwe tunawatisha watu tu. Wako waliofaulu vizuri, nasi tuangalie ni kwa sababu gani.

Bwana Lee Mead, aliyeshinda mwaka 2007 akawa Yosefu, hakutoka mtaani moja kwa moja. Alikuwa tayari mwimbaji wa kundi katika “The Phantom of the Opera” huko London, mmoja wa wale wanaosimama nyuma. Kazi aliijua. Shindano lilimpa jina tu, na jina lilipokuja lilimkuta mtu aliyekwisha kujifunza. Wapiga kura walidhani wanagundua kipaji kipya, kumbe fundi alikuwako siku zote.

Bwana Joe McElderry alishinda shindano la The X Factor mwaka 2009, akiwa kijana wa miaka 18. Taa yake ya kwanza ilififia upesi. Mwaka 2011 kampuni iliyokuwa ikitoa nyimbo zake iliachana naye. Wengine wangeona aibu wakajificha. Yeye aliendelea kufanya kazi, na mwaka 2016 akaanza kuzunguka Uingereza akiigiza Yosefu, mji baada ya mji. Inapendeza kufikiri juu ya hilo: Yosefu mwenyewe alivuliwa kanzu yake nzuri, akatupwa shimoni, akauzwa, akafungwa, na baadaye akainuliwa. Mchezaji aliyepata kutupwa huenda anamwelewa Yosefu kuliko mwingine.

Bibi Alexandra Burke, mshindi wa mwaka 2008 wa shindano hilo hilo, aliingia katika “The Bodyguard” London mwaka 2014, kisha akazunguka nao, na baadaye akazunguka na “Sister Act”, mchezo wa mwimbaji aliyejificha katika nyumba ya watawa. Alianza kama jina la kuuza tiketi. Akaendelea kuitwa kwa sababu ya kazi.

Na wa mwisho ni Bibi Jessie Buckley wa Ireland. Mwaka 2008 hakushinda. Alikuwa wa pili, nyuma ya Bibi Jodie Prenger. Alirudi kusomea uigizaji London, akaanza upya kama mwanafunzi. Mwaka 2022 aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi yake katika filamu. Wangapi kati yetu wangekubali kurudi darasani baada ya nchi nzima kutuona? Kushika nafasi ya pili kulimpa nafasi ya kujifunza, na hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko ushindi.

KWETU AFRIKA YA MASHARIKI

Tukirudi nyumbani, tutaona kwamba sisi pia tumeyaona mambo haya, ila kwa sura nyingine. Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza kuzunguka vijiji na miji ya Uganda na Kenya na michezo yao, wakaonyesha bure, mara nyingi chini ya mti au uwanjani. Hawakuwa na nyota. Walikuwa na kundi lililojifunza pamoja, nao watu walikusanyika.

Katika Tanzania wazee watakumbuka vikundi vya utamaduni vya miaka ya 1980 na 1990: Muungano wa Bwana Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, yaani TOT, ya Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015. Onyesho moja la vikundi hivyo lilikuwa na ngoma, sarakasi, vichekesho, mchezo wa kuigiza, kwaya na taarabu. Tiketi moja, mambo sita. Vikazunguka mikoani. Na ushindani ulipokuwa mkali, kila kikundi kilitafuta nyota. TOT ilimchukua Bibi Khadija Kopa kutoka Zanzibar, ambako sauti yake ilikuwa imekwisha kupata sifa, na Muungano nayo ikajivunia Bibi Nasma Khamis. Watu walijaa kumbi ili kusikia nani atamjibu nani kwa mafumbo. Nyota walihama, mashabiki wakahama nao.

Nini kilifuata? Taarabu ilizidi kukua, na michezo ya kuigiza, ambayo zamani ilikuwa na nafasi yake katika onyesho, ikazidi kusogezwa pembeni. Hatuwalaumu waimbaji, walifanya kazi yao vizuri mno, na Bibi Kopa ameheshimika miaka mingi. Lakini ni funzo kwa kila mwenye kikundi: ukiipenda taa mno, unaweza kusahau kuushona wavu.

Mfano mwingine, wa karibu kabisa na habari yetu, umetoka Kenya. Bwana Eric Wainaina alitunga mchezo wa nyimbo uitwao “Mo Faya”, juu ya mtaa wa maskini ambao wenye tamaa wanataka kuunyakua, na mtangazaji wa redio anayewatetea wakazi. Katika mchezo huo aliigiza Bibi Valerie Kimani, yule mshindi wa mwaka 2006. Hakupewa nafasi ya kusimama tu na kuimba wimbo wake wa shindano. Aliingia katika kisa kilichohusu maisha ya watu wa Nairobi. Mwaka 2009 mchezo huo ulipelekwa New York katika tamasha la michezo ya nyimbo. Huu ndio mfano tunaoutamani: nyota amekuja, lakini amekuta kisa kimekwisha kuandikwa vizuri, na kundi limekwisha kufanya mazoezi.

Je, mkoa wetu wa Mara hauna visa? Tuna ziwa na dhoruba zake, tuna litungu la Wakurya, tuna ngoma za Wajita na Wakwaya, tuna historia ya Mwalimu Nyerere aliyezaliwa Butiama. Tuna kwaya zinazoweza kuimba kwa sauti nne bila kinanda. Haikosekani taa wala haikosekani maji. Kinachokosekana ni wavu: watu wa kuandika mchezo mzima, kuufanyia mazoezi miezi mingi, na kuuchukua kwa boti na lori kutoka mwalo hata mwalo.

MASWALI KABLA YA KUPANDA BOTI

Kutoka Musoma hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 200, na kabla ya hapo mtu wa Rukuba lazima avuke maji. Kijana anayekwenda kujaribiwa sauti mjini ametumia fedha za nyumba nzima. Kwa hiyo yafaa baba, mama na kijana wakae pamoja, waulizane mambo haya bila hasira.

La kwanza: Je, amejifunza? Kuimba kwaya miaka mitatu bila kukosa mazoezi ni shahada ya namna yake. Mtoto asiyeweza kufika mazoezini Jumamosi hataweza maonyesho manane kwa juma. Anayetaka kazi ya jukwaa kwa kweli, na aulize habari za Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko hufundishwa kuigiza, kucheza, kupiga ala na hata ufundi wa jukwaa.

La pili: Akipewa mkataba, nani atausoma? Asitie sahihi siku ile ile. Aombe aende nao nyumbani. Mwalimu, katekista au mtu anayejua sheria ausome naye mstari kwa mstari. Ni wa muda gani? Malipo ni kwa kila onyesho au kwa mwezi? Akiugua njiani, nani atamtibu na nani atamrudisha kwao? Nyimbo atakazotunga ni mali ya nani? Kwa jambo hili la mwisho iko Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kwa mambo ya wasanii kwa jumla liko Baraza la Sanaa la Taifa. Aliye chini ya miaka 18 asiende peke yake kwa hali yoyote, wa kike wala wa kiume.

La tatu: Atalala wapi, na na nani? Kikundi kinachozunguka hulala ugenini kila juma. Mzazi ana haki ya kujua jina la kiongozi, njia ya safari na namna ya kupata habari za mtoto wake. Mwenye kikundi anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

La nne: Asiposhinda, je? Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Kijana hurudi kijijini na fedha zimekwisha, naye hupokewa kwa kicheko. Wengine hawarudi kabisa. Hubaki mjini kwa aibu, na aibu huwaingiza katika mambo mabaya kuliko umaskini. Kabla hajaondoka, aambiwe wazi: “Mwanangu, ukishinda rudi utuambie. Ukishindwa, rudi vilevile. Nafasi yako katika kwaya ipo, na kiti chako mezani kipo.” Neno hilo lina thamani kuliko nauli.

WALE WASIOONEKANA

Na nyinyi mnaobaki, msijione kuwa makapi. Tumesema habari za nyota kumi hivi, lakini nyuma ya kila mmoja walikuwako watu makumi: aliyeshona gauni, aliyepanga taa, aliyepiga kinanda, aliyeendesha lori usiku, mwigizaji wa akiba aliyekaa tayari miezi sita asiitwe hata mara moja. Mchezo wa nyimbo ukifika mjini, watu husema, “Fulani amekuja.” Wenye kujua husema, “Kundi limekuja.”

Alfajiri boti za dagaa zinaporudi Rukuba, taa zimekwisha kuzimwa. Hakuna anayeziangalia tena. Watu wote wamekimbilia kutazama ndani ya boti, ikiwa kuna kitu. Huo ndio wakati ambao kazi ya usiku hujulikana, na wavuvi hukaa mchangani, wakautandaza wavu, wakatafuta matundu wayashone kabla jua halijazama tena.